Nishikie Hapo, Naja

Unga ulikuwa juu ya meza. Hilo ndilo lililomsimamisha Wanza mlangoni, viatu vikiwa bado mguuni na mkono mmoja kwenye kitasa. Pakiti mbili za unga, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni ya kufulia, na soksi nyeupe za shule za Kavutha, jozi tatu, zimeshikanishwa kwa ule uzi wa plastiki. Vitu vile vile alivyokuwa ameviacha muda mfupi uliopita kwenye kikapu chekundu, sakafuni, ndani ya supamaketi, kwa sababu laini ya kulipia ilikuwa imemshinda.

"Mama, umerudi tena?" Kavutha aliuliza bila kuinua macho kitabuni.

"Nimerudi tena vipi?"

"Si umeingia saa hii ukaweka vitu? Ukaniambia nikae hapa, unakuja."

Kavutha alikuwa na miaka saba na hakuwa mtoto wa kudanganya. Akivunja kikombe, yeye mwenyewe ndiye anayekuletea vipande mkononi. Wanza alivua viatu polepole, akaenda akaugusa unga kwa kidole kimoja. Ulikuwa baridi, kama umetolewa kwenye friji.

Sasa tuambiane ukweli. Ni nani kati yetu hajawahi kuacha shopingi? Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mtu yeyote wa mtaa wa Fedha, Nairobi, anajua maana yake. Kaunta nane, makeshia watatu, na mmoja wao anamngoja supavaiza aje na ufunguo. Laini imetoka kaunta, imepita sabuni, imepita mchele, imefika hadi kwenye ndoo na mifagio. Mtoto analia, mzee anakohoa, na kile kimashine kinaimba piip, piip, piip, lakini wewe husongi. Wanza alikuwa amesimama hapo zaidi ya saa nzima. Katikati ya wiki alikuwa karani kwenye ghala moja Industrial Area, kazi ya kuzunguka na faili tangu asubuhi hadi jioni, na ikifika Jumamosi miguu yake ilikuwa imevimba ikajaa kiatu.

Na hizo laini zetu zina desturi ambayo hakuna aliyetufundisha. Ukikumbuka umesahau chumvi, huondoki hivi hivi. Unaweka kikapu chini, unamgeukia aliye nyuma yako, unamwambia, "Nishikie hapo, naja." Naye anasema sawa. Kuanzia hapo kile kikapu ni wewe. Kitasukumwa mbele kwa mguu, hatua kwa hatua, na hakuna mwenye akili zake atakayekiruka. Watu wa Eastlands tunaweza kuibiana hadi taulo kwenye kamba ya nguo, lakini nafasi ya laini ikishikwa imeshikwa.

Wanza hakuwa amesahau chumvi. Alitaka tu kwenda zake. Lakini kuacha kikapu kilichojaa mbele ya macho ya watu ni aibu, watasema huyu ameona hali ya mfuko wake akakimbia. Basi akafanya tunavyofanya wengi. Aliweka kikapu chini, akageuka nusu, akasema kwa haraka, "Dada, nishikie hapo, naja sasa hivi."

"Sawa," sauti ikamjibu. "Nitakushikia mpaka urudi."

Uso hakuuangalia. Alichoona ni mikono, nayo ilikuwa mitupu. Hakuna kikapu, hakuna mkoba, hakuna hata kiberiti. Alikuwa ameshafika getini alipojiuliza mtu gani anapanga laini saa nzima bila kitu mkononi, halafu pikipiki ikampigia honi na wazo lenyewe likampotea.

Ndiyo hayo. Sasa unga ulikuwa mezani.

Alifungua simu akatafuta ujumbe wa malipo. Hakukuwa na ujumbe. Alitoka akagonga mlango wa jirani, Akech, mama mmoja mnene mcheshi wa kutoka Siaya ambaye hakuna kilichopanda ngazi za ploti ile bila yeye kukiona.

"Yawa, Mama Kavutha! Kumbe leo unasalimia watu?" Akech alisema, mikono kiunoni. "Nimekuita hapo kwa ngazi mara mbili, na mifuko yako hiyo, ukanipita kama nguzo ya stima. Nikasema haya, mwenzetu amepandishwa cheo."

"Ilikuwa mimi?"

"Sasa ilikuwa nani? Na ile kitambaa yako ya kijani?" Akech akacheka, kisha akamwangalia vizuri na kicheko kikakatika. "Kwani kuna nini, nyar gi mama, dada yangu? Mbona umetoka bila viatu?"

Mutie, mumewe, alirudi jioni kutoka kazini. Alikuwa dereva wa kusambaza mikate, mtu wa kucheka na kulala mapema. Alisikiliza habari yote akiwa ameegemea friji, halafu akasema, "Umechoka wewe. Ulilipa, ukasahau. Hata mimi juzi nimetafuta ufunguo nikiwa nimeushika." Wanza alitamani sana liwe hilo. Wakasonga ugali wa ule unga. Uliiva vizuri, lakini ulipokatwa mezani, katikati ulikuwa baridi wa kuuma meno. Mutie alimaliza wake kwa sababu yeye hatupi chakula.

Wiki iliyofuata mambo yalikuja kidogo kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu jambo dogo unaliachia lipite. Kazini Wanza alienda chai, akarudi akakuta faili zake zimejazwa, mwandiko wake kabisa, hata ile herufi ya k anayoivuta mkia. Kijana wa meza ya pili akamwambia, "Niaje madam, leo hata chai hujaenda?" Ukaja mlio. Piip. Mara moja tu, anapofunga mlango wa nyumba akitoka. Piip, kama keshia amepitisha kitu. Na harufu ya friji iliyozimwa na kufungwa wiki nzima, ambayo alikuwa akiikuta kwenye kiti chake, kwenye upande wake wa kitanda, kila mahali alipokuwa ametoka tu.

Jumapili ya pili alitoka kanisani kupokea simu, wakati wa matangazo. Aliporudi mlangoni akasimama. Mbele, safu ya sita, Mutie alikuwa ameketi mahali pao pa siku zote, na kando ya Mutie palikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, mabega yake Wanza, shingo yake Wanza, ametulia, hakuna anachofanya ila kukaa, na Kavutha alikuwa amemlalia begani. Wanza alikimbia kwenye ule ujia katikati ya watu huku akiwasikia wakinong'ona mbona huyu mama anakimbia kanisani. Alipofika, kiti kilikuwa kitupu na baridi.

"Ameenda wapi?" akamnong'oneza mtoto. "Nani alikuwa hapa?"

"Alikuwa amekushikia tu," Kavutha akasema.

Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa, wakaomba mpaka mashati yakalowa. Wanza alifumba macho muda wote. Alipoyafumbua aliona kwamba watu wote waliosimama kwenye duara walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja bila kujua, kati ya mzee wa kwanza na wa pili.

Lakini kilichomvunja moyo ni ile Jumatano. Basi la shule lilikuwa likimshusha Kavutha kwenye kituo saa kumi na nusu, na kazi ilimchelewesha. Alifika akikimbia, akihema, na mwalimu wa basi akamwambia kwa mshangao, "Si umemchukua, Mama Kavutha? Hata umembebea begi." Alipanda zile ngazi za ghorofa nne akianguka na kuinuka. Kavutha alikuwa ameketi kizingitini peke yake, salama, amefungwa sweta hadi shingoni.

Wanza alimkamata mabegani. "Nilikwambia nini? Nilikwambia usiende na yeye! Akija piga nduru, niliongea Kiswahili ama niliongea nini?"

Mtoto alianza kulia. "Wewe unanigombeza kila siku," akasema. "Kiatu, haraka. Chai, haraka. Yule hana haraka. Nikifunga kamba ananingoja. Hata nikifunga mara kumi."

Wanza alikaa pale kwenye ngazi, na uchungu alioupata haukuwa wa kuogopa. Ulikuwa wivu. Alikuwa akiona wivu kwa kitu ambacho hakuwa na jina lake, kwa sababu kilikuwa mama mzuri kumliko, na mtoto wake alikuwa ameanza kuchagua.

Mutie aliamini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja ya jioni. Alikuwa ameketi sebuleni akiongea na mkewe aliyekuwa jikoni, maongezi ya kawaida, ya tairi lililopasuka Donholm, ya ndugu yake Kitonga anayetaka kuoa tena, na jikoni sufuria zilikuwa zinagongana na maji yanachuruzika na sauti ya Wanza inajibu sawa, sawa, nimesikia, sawa, na akasema nipe chumvi ukija na sauti ikasema sawa, na akaendelea kuongea na kucheka mwenyewe, na bado alikuwa anacheka mlango wa nje ulipofunguka na Wanza akaingia na sukuma wiki ya kibandani mkononi akiuliza, "Unaongea na nani?" na jikoni maji yakafungwa, kwa upole, kama mtu anayesikia mgeni ameingia.

"Mvalishe mtoto sweta," Mutie akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Tunaenda kwa shangazi."

Shangazi yake, Syombua, alikuwa akiishi Jericho, kwenye zile nyumba za zamani za kansili ya jiji. Alikuwa amefagia barabara za mji huu miaka thelathini, akastaafu, na kanisani alikuwa mwanakwaya wa mstari wa mbele. Lakini ukoo mzima ulijua kwamba kabla ya kwaya kulikuwa na ngoma nyingine, na kwamba mambo fulani yakitokea hupeleki kwa mchungaji, unapeleka kwa Syombua, na unapeleka baada ya ibada. Waliomba jirani wa Jericho akae na Kavutha nje penye taa, wakaingia. Syombua alikuwa anashona pindo la joho la kwaya, na hakuacha kushona.

"Ulimwambiaje?" akauliza. "Maneno yenyewe."

"Mwaitu, mama, nilimwambia nishikie hapo, naja."

"Ukaja?"

"Hapana. Nilienda nyumbani."

Syombua alikata uzi kwa meno. "Sasa kosa la huyo kiumbe ni gani? Umempa kazi, anaifanya. Mchungaji atamfukuza kwa kesi gani?"

Wanza alianza kulia, na Mutie akasema, "Shangazi, tafadhali."

"Siwachezei, nawaambia. Watu wa pwani wangemwita jini. Sisi tuna jina letu na silitaji ndani ya nyumba. Kuna wale wa kukaba watu koo, na hao si kazi, unamwaga unachomwaga wanatoka. Huyu ni wa adabu. Hawa wa adabu ndio wabaya, kwa sababu hawaingii mpaka uwafungulie mwenyewe." Akatunga uzi mwingine. "Kesho ndiyo mwisho wa mwezi. Utarudi pale pale, kaunta ile ile. Utakuta amekushikia. Mwambie asante, nimerudi. Uchukue nafasi yako, na hii laini uimalize. Hata miguu ikikatika, uimalize. Mtoto uende naye. Ukimwacha nyumbani, atashikiwa huko huko."

"Na akikataa kutoka?"

"Hatakataa. Nimekwambia ana adabu. Lakini akishatoka atakuomba. Aliyekushikia laini si anaweza kukuomba na wewe umshikie? Atakuomba, na hapo ndipo watu hupotea. Usimjibu. Usiseme ndiyo, usiseme hapana, hata kichwa usitikise. Ukitoka mlango ule bila yeye kujibiwa, ataenda alikotoka."

"Akijibiwa?" Mutie akauliza.

Kwa mara ya kwanza bibi aliweka sindano chini. "Aliyejibu ndiye atakayeshika," akasema. "Na huyo kiumbe hana saa ya kurudi."

Njiani kurudi Fedha, Kavutha akiwa amelala nyuma ya gari la mikate, walizungumza kwa sauti ya chini. Tumwambie? Tusimwambie? Mutie alisema mtoto tayari haogopi, mbona sasa wamtie hofu? Wanza akasema kweli, atamshika mkono tu, yeye ndiye atakayeombwa, si mtoto. Loo, sisi wazazi! Tunamficha mtoto nyoka ili asishtuke, halafu tunamtembeza nyasini.

Kesho yake saa nane mchana supamaketi ilikuwa imejaa pomoni. Mutie alibaki nje karibu na walinzi, kama alivyoagizwa. Wanza alichukua kikapu, akaweka vitu viwili vitatu bila kuangalia, akashika mkono wa Kavutha, akaingia laini ya kaunta ya nne, huko nyuma kwenye ndoo. Mwanzoni hakukuwa na kitu ila watu, mzee anayenung'unika, wasichana wawili wakiangalia simu, kijana mmoja anayesema haki hawa makeshia wanatubeba ufala. Akaanza kufikiri labda. Kisha laini ikapinda kwenye kona ya mchele na akaona mbele.

Mbele yake watu saba, alikuwa amesimama. Kitambaa cha kijani. Mikono mitupu kando ya mwili. Na chini, mbele ya miguu yake, kikapu chekundu cha mwezi mzima uliopita kikiwa kitupu, na kila laini iliposonga alikisukuma kwa mguu, taratibu, hatua moja, halafu akasimama tena, na watu waliokuwa mbele yake na nyuma yake walikuwa wamemwachia nafasi bila kumwangalia, kama unavyoacha nafasi ya dimbwi, na piip ya kaunta ikawa inalia kwa mpigo wa moyo wake Wanza mwenyewe, na ile harufu ya friji iliyozimwa ikawa inakuja kwa mafungu, na mkono wa Kavutha ndani ya mkono wake ulikuwa wa moto na umetulia, na hicho ndicho kilichomtia nguvu ya kutoka mahali pake na kutembea mbele, watu wakipiga kelele wewe mama unaenda wapi, wewe mama kuna laini, mpaka akasimama nyuma ya ile shingo aliyoijua kwenye kioo.

"Nimerudi," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Asante kwa kunishikia."

Yule hakugeuka. "Karibu," akasema, kwa sauti yake Wanza, lakini ile ya asubuhi ya Jumapili, kabla hajachoka. "Nilikuwa nakungoja."

Akatoka pembeni. Kwa adabu kabisa, kama mtu anayempisha mjamzito. Wanza akaingia kwenye nafasi yake na Kavutha mbele yake, mikono miwili mabegani mwa mtoto. Hakuangalia nyuma. Baridi ikaja ikasimama kwenye kisogo chake.

"Na wewe nishikie basi," sauti ikasema, karibu sana. "Naja sasa hivi."

Wanza aliuma ulimi. Piip. Laini ikasonga hatua moja.

"Dada, si nilikushikia? Nishikie hapo."

Aliuma mpaka damu ikamjaa mdomoni, akaimeza, akakaza macho kwenye mgongo wa shati la mtu wa mbele, shati la mistari ya bluu na nyeupe, akaihesabu mistari ile akaisahau akaanza tena, na baridi ikamzunguka kutoka kisogoni ikaja shavuni, ikakaa hapo muda mrefu ikimngoja, haikumsukuma, haikumgusa, ilimngoja tu, na yeye akajua kwamba ingeweza kumngoja hivyo mpaka jengo lile lianguke, na machozi yakawa yanamtiririka mpaka kidevuni na mtu wa shati la mistari akageuka akamwuliza, "Uko sawa, mama?" naye hakumjibu hata yeye, kwa kuogopa kwamba jibu lolote lingekuwa jibu. Chini, Kavutha alikuwa akinong'ona kitu, kiwimbo chake cha shule pengine. Wanza alimkaza mabega anyamaze.

Halafu baridi ikaondoka. Mara moja, kama mtu amefunga mlango wa friji. Joto la watu likarudi, na jasho na mikate na kelele, na Wanza akajisikia anataka kucheka. Keshia, msichana mchangamfu, akasema, "Pole kwa kungoja, mum." Piip, piip, piip. Ilikuwa milio ya kawaida ya kimashine kibovu, na hajawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Alichukua mfuko. Mlangoni alimwona Mutie akinyoosha shingo, akampungia mkono, na Mutie akafunika uso kwa viganja viwili kwa kushukuru.

Alishuka hatua ya kwanza nje ya mlango ndipo akagundua mkono wake wa kulia haukuwa na mtu.

Kavutha alikuwa amesimama pale pale mbele ya kaunta ya nne, mikono kando ya mwili, amenyooka kama gwaride la asubuhi shuleni. Mtu wa nyuma yake alikuwa anampita kando bila kumwangalia.

"Kavutha, twende!"

"Siwezi, mama."

"Twende, mama, tumemaliza!" Wanza alirudi akamvuta mkono. Mtoto hakusonga. Alimvuta kwa nguvu zote, mfuko ukaanguka, mafuta yakapasuka sakafuni. Mutie alikuja mbio, akamkumbatia bintiye kiunoni kumwinua, Mutie huyu anayebeba kreti sita za mikate kwa mpigo, akajaribu, akajaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni, na vile viatu vidogo vyeusi havikubanduka kwenye simiti.

"Alikuomba?" Wanza akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye mafuta. "Kavutha, niangalie. Alikuomba nini?"

"Wewe hukumjibu," mtoto akasema, na katika sauti yake kulikuwa na aibu kidogo, aibu ya mtoto ambaye mzazi wake amekosa heshima mbele ya watu. "Alikuomba mara nyingi na ukanyamaza. Nikamwonea huruma. Nikamwambia sawa, nitakushikia mimi."

"Alisema anarudi lini?"

"Hakusema."

Keshia alikuwa amesimama akiuliza kuna shida gani. Nyuma, watu walikuwa wameanza kupiga kelele, jamani songeni, jamani tuna pa kwenda. Wanza alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, na mashavu yalikuwa yameanza kupoa, polepole, kuanzia pembeni.

Kavutha alimtazama mama yake kwa upole mkubwa, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Enda nyumbani upumzike, mama," akasema. "Miguu yako inauma. Mimi sichoki."